SUFURIA ZA MVUKE: MAMBO AMBAYO MPISHI HANA BUDI KUYATAZAMA KILA SIKU

Katika majiko makubwa ya hospitali, ya shule za bweni, ya magereza na ya viwanda vya vyakula, aghalabu zaonekana sufuria kubwa za chuma kisichoshika kutu, zisizo na kuni wala makaa chini yake, nazo huchemsha maharage au uji wa mamia ya watu kwa mara moja. Mgeni aingiaye humo kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba sufuria hizo hujichemsha zenyewe. Kumbe kila moja ni sufuria mbili, ndogo ndani ya kubwa, na katikati yao imeachwa nafasi iliyozibwa pande zote. Nafasi hiyo mafundi huiita koti. Mvuke huingizwa ndani ya koti. Ukigusa ukuta wa sufuria ya ndani hugeuka kuwa maji, na joto lake hupita ukutani na kuingia katika chakula. Maji hayo hutoka chini ya koti kwa bomba jembamba, na mvuke mwingine huingia mahali pake.

Kwa kuwa hakuna moto unaoonekana, watu wengi hukiona chombo hiki kuwa kipole. Jiko la kuni humtisha hata mtoto mdogo, bali sufuria ya mvuke imetulia kimya, inang'aa, wala haina moshi. Kwa sababu hiyo yafaa wapishi, wasimamizi wa majiko na wajumbe wa halmashauri za shule wanaovinunua vyombo hivi waelezwe wazi ni nini kilichofungiwa ndani ya koti, na ni mambo gani yapasa kutazamwa kabla ya chakula cha asubuhi kuanza kupikwa.

NGUVU ILIYOFUNGIWA

Lita moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke katika hewa ya kawaida hujaza nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Mvuke ukifungiwa mahali padogo husukuma kuta kwa nguvu, na nguvu hiyo hupimwa kwa ratili kwa kila inchi ya mraba. Geji ikionyesha 15, wengi huiona kuwa hesabu ndogo. Lakini hebu tupige hesabu kidogo. Chukua kipande cha ukuta wa koti chenye upana wa inchi 12 na urefu wa inchi 12. Hizo ni inchi za mraba 144, na kila moja yasukumwa kwa ratili 15. Jumla yake ni ratili 2,160, yaani karibu tani moja, juu ya kipande kisichozidi ukubwa wa sinia. Geji ikipanda hadi 30, kipande kile kile husukumwa kwa karibu tani mbili. Basi mpishi asimamapo kando ya sufuria akikoroga uji, kati yake na nguvu hiyo hapana kitu ila bamba la chuma, nati kadhaa na vali moja ya usalama.

Jambo la pili ni joto. Mvuke una joto lililofichika. Kuyageuza maji yanayochemka kuwa mvuke hutaka joto zaidi ya mara tano ya lile lililotumika kuyatoa kutoka digrii 0 mpaka digrii 100 za Sentigredi. Mvuke ukigusa ngozi ya mtu hugeuka tena kuwa maji, na joto lile lote huachiwa hapo hapo mwilini. Ndiyo maana mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto.

Tena mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Lile wingu jeupe tunaloliita mvuke ni matone madogo ya maji ambayo yamekwisha poa. Ukitazama bomba linalovuja, utaona kwamba karibu kabisa na tundu hapana kitu, na wingu laanza mbele kidogo. Hapo pasipoonekana kitu ndipo palipo pa hatari kuliko pote. Mtu asitafute mahali panapovuja kwa kupitisha mkono wake.

KUZIDISHA NGUVU HAKUIVISHI MAHARAGE

Katika makosa yote yatendwayo kwa sufuria za mvuke, hakuna lililo baya kuliko kuifunga vali ya usalama kwa waya, au kuikaza kwa spana, au kuliziba bomba lake kwa sababu lapiga kelele na kumwaga maji sakafuni. Wafanyao hivyo si watu wabaya. Saa ya chakula imekaribia, maharage bado magumu, wanafunzi wanangoja kwa sahani mikononi, na vali yavuma ikitoa mvuke ambao mpishi auona kuwa ni moto unaopotea bure. Hudhani kwamba mvuke ule ukizuiliwa, chakula kitaiva upesi.

Fikira hiyo si kweli, na sababu yake ni rahisi kufahamika. Sufuria ya ndani iko wazi juu, au imefunikwa kwa kifuniko kisichobana. Maji yaliyo katika chombo kilicho wazi yakianza kuchemka hayawezi kupata joto zaidi, hata ukiyatia moto namna gani. Mombasa, pwani, maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi, kwa kuwa mji huo uko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwa karibu digrii 95 tu. Na Eldoret, palipo juu zaidi, kwa karibu digrii 93. Mvuke ulio ndani ya koti waweza kuwa na joto la digrii 120 au 135, lakini maharage yaliyomo ndani ya maji ya Nairobi yatabaki katika zile digrii 95. Nguvu ikizidishwa, maji yatafika mahali pa kuchemka mapema kidogo, na baada ya hapo yatatokota kwa fujo na kukauka upesi. Maharage hayatalainika mapema.

Dawa ya maharage magumu ni kuyaloweka usiku kucha, kisha kuyamwaga maji yale na kuyapika kwa maji mapya. Mpishi wa nyanda za juu na awashe mapema kuliko mwenzake wa pwani. Mwalimu mkuu anayepanga saa za chakula naye ahesabu hivyo, kwa maana mpishi aliyebanwa na kengele ndiye anayetafuta waya.

Ni jambo la kupendeza kwamba vali ya usalama ilizaliwa jikoni. Mwaka 1679 Mfaransa mmoja, Denis Papin, alipokuwa London aliwaonyesha wataalamu wa Royal Society chungu cha chuma chenye kifuniko cha kubana, cha kulainisha mifupa kwa mvuke. Ili chungu kisipasuke alikitia tundu dogo lililozibwa kwa wenzo wenye uzito. Nguvu ilipozidi kipimo, uzito uliinuka na mvuke ukatoka. Baadaye kifaa cha namna hiyo kilitumika katika injini za migodi, za meli na za magari ya moshi. Wazee waliopata kusimama stesheni ya Voi au Nakuru zamani za magari ya moshi wanaikumbuka sauti ile kali iliyotoka juu ya injini ilipokuwa imesimama. Ilikuwa ni vali ikifanya kazi yake.

KABLA YA KUFUNGUA MVUKE

Mpishi aingiapo jikoni saa kumi alfajiri, ukaguzi wake wa kwanza ni wa macho, na hauchukui dakika tano. Kwanza atazame geji. Ikiwa sufuria yapata mvuke kutoka boila iliyo mbali, na mvuke umefungwa tangu jana, mshale wapaswa kuwa juu ya sifuri. Ukionyesha 5 au 10 hali sufuria ni baridi, geji hiyo ni mwongo, na chombo kisitumiwe mpaka ibadilishwe. Geji iliyovunjika kioo au iliyojaa mafuta hata tarakimu hazisomeki ni sawa na kutokuwa na geji.

Kisha atazame kibao cha chuma kilichopigiliwa ubavuni mwa sufuria. Kibao hicho chataja nguvu kubwa kabisa inayoruhusiwa. Ni vizuri kuipaka rangi nyekundu tarakimu hiyo katika uso wa geji, ili hata asiyejua kusoma aone mshale ukivuka mpaka.

Vali ya usalama ichunguzwe: je, ile risasi iliyotiwa na mwenye kiwanda au na mkaguzi ingalipo? Hakuna waya, wala kitambaa, wala kigingi? Bomba la kutolea mvuke laelekea chini karibu na sakafu, mahali pasipopita watu, nalo liko wazi mwisho wake? Isiwepo koki yoyote kati ya sufuria na vali hiyo. Mara kwa mara, kama kitabu cha mwenye kiwanda kinavyoagiza, wakati koti lina mvuke, wenzo wa vali uvutwe kidogo kisha uachiwe. Avutaye asimame kando, avae glavu, na asiwe mbele ya bomba. Vali iliyo nzima huvuma mara moja, kisha hujifunga kimya. Ikiwa haiinuki, au ikiendelea kudondosha baada ya kuachiwa, mvuke ufungwe na fundi aitwe. Kuipiga kwa nyundo ili ikae ni kuiharibu.

Yafaa hapa kutaja jambo moja ambalo wengi hawalijui. Boila ya hospitali huweza kufanya kazi kwa nguvu ya ratili 100, na sufuria ikawa imetengenezwa kwa 30 tu. Kati yao huwekwa vali nyingine, ya kupunguza nguvu. Vali hiyo ikikwama wazi, nguvu yote ya boila huingia ndani ya koti, na hapo kitu kinachoweza kumwokoa mpishi ni vali ya usalama peke yake. Kwa hiyo geji itazamwe tena na tena wakati wa kupika, si asubuhi tu. Ikipanda juu ya kawaida yake hata kidogo, funga mvuke kwanza, uliza baadaye.

KUFUNGUA NA KUPIKA

Koki ya mvuke ifunguliwe polepole. Usiku mabomba hupoa, na maji hukaa ndani yake. Mvuke ukiachiliwa kwa ghafula huyasukuma maji hayo kwa kasi kubwa, nayo yakifika penye kona hupiga kama nyundo. Sauti yake husikika jengo zima. Watu huizoea sauti hiyo na kuichekea, lakini kila pigo hulegeza boliti na kupasua maungio ya mabomba. Ikisikika, funga mvuke, fungua koki ya kutolea maji iliyo chini, ngoja maji yatoke, kisha anza upya kwa utaratibu. Ikiwa yarudi kila siku, pana bomba lililolala vibaya au mtego usiofanya kazi.

Mtego ni kile kifaa kidogo kilicho chini ya koti, kiyaachacho maji yapite na kuuzuia mvuke. Huugua kwa namna mbili. Ukikwama umefungwa, koti hujaa maji na chakula huchelewa kuchemka. Ndipo mpishi anapolalamika kwamba mvuke wa siku hizi hauna nguvu, kumbe geji yaonyesha vizuri. Ukikwama wazi, mvuke hupita moja kwa moja, na kuni au mafuta ya boila hupotea bila faida. Hewa iliyobaki ndani ya koti nayo huzuia joto, kwa hiyo sufuria zenye koki ndogo ya kutolea hewa zifunguliwe koki hiyo mwanzoni mpaka mvuke mtupu utoke.

Sufuria isipashwe moto ikiwa tupu, na ikiwa imekwisha pashwa isimwagiwe maji baridi. Chuma hushtuka na kiungo chaweza kupasuka. Koki ya kumwagia chakula ihakikishwe imefungwa na nati yake imekazwa kabla ya kutia chochote ndani. Mpishi akiisahau nati hiyo, uji wa moto humwagika juu ya miguu yake.

Zile sufuria zinazoinamishwa kwa gurudumu la mkono zina meno ya chuma ambayo huchakaa. Zitiwe grisi, na ikiwa sufuria yateleza au yarudi nyuma yenyewe, isitumiwe hata siku moja. Wakati wa kuinamisha asisimame mtu upande wa mdomo wake, wala sakafu isiwe na mafuta.

SUFURIA ZENYE MOTO WAO WENYEWE

Jiko lisilo na boila hutumia sufuria ambazo huutengeneza mvuke wake zenyewe kwa umeme au gesi, kwa maji machache yaliyofungiwa ndani ya koti. Hizi zina tofauti moja iwachanganyayo watu. Zikiwa baridi, mshale wa geji hukaa chini ya sifuri, kwa sababu hewa ilitolewa na mvuke uligeuka maji. Hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Mshale ukiwa juu ya sifuri hasa hali sufuria ni baridi, maana yake hewa imeingia, pana mahali panapovuja, na sufuria itachelewa kupika.

Kioo cha kuonyesha maji nacho kitazamwe kila siku. Maji yakiwa chini ya alama, kifaa cha kuzima moto chapaswa kufanya kazi chenyewe, lakini hakuna sababu ya mpishi kukitegemea. Azime, aache ipoe kabisa, kisha fundi aongeze maji safi yaliyotajwa katika kitabu, ambayo mara nyingi ni maji yaliyochujwa kwa mvuke na kutiwa dawa ya kuzuia kutu. Maji ya visima vya pwani, yapitayo katika mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Yakitiwa ndani ya koti huacha magamba magumu ambayo huzuia joto na kuunguza vyuma vya umeme.

USAFI

Koki ya kumwagia chakula ifunguliwe vipande vipande kila jioni na kusuguliwa kwa brashi, kwa kuwa mabaki ya maziwa au mchuzi yaliyojificha humo huoza na kuutia sumu uji wa kesho. Ndani ya sufuria isuguliwe kwa brashi laini. Pamba ya chuma huacha mikwaruzo na chembe zinazoshika kutu. Chumvi itiwe maji yakiwa yamekwisha chemka, na ikorogwe, kwani chumvi ikilala chini katika maji baridi hukila hata kile chuma kisichoshika kutu na kukitoboa vijishimo. Dawa za kung'arisha nguo zina ubaya ule ule. Sanduku la swichi lisipigwe maji ya mpira.

FUNDI NA SHERIA

Kazi zote za kufungua maungio ni za fundi, na kabla hajagusa nati, koki kuu ya mvuke ifungwe kwa kufuli na funguo akae nazo yeye mwenyewe mfukoni. Asiamini geji peke yake. Afungue koki ya chini aone kwamba hakuna kitokacho.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka boila na vyombo vipokeavyo mvuke vikaguliwe kwa vipindi na mtu aliyeidhinishwa, na ripoti yake ihifadhiwe. Wakubwa wengine huuona ukaguzi huo kuwa gharama. Sheria za namna hii hazikuanza kwa mawazo ya makarani. Tarehe 20 Machi 1905, huko Brockton katika jimbo la Massachusetts, Marekani, boila kuukuu ya kiwanda cha viatu, iliyowashwa kwa kuwa ile mpya ilikuwa ikitengenezwa, ilipasuka, ikatoboa sakafu na kupaa. Jengo likaanguka na kushika moto, na watu 58 wakafa. Miaka miwili baadaye jimbo hilo lilitunga sheria ya ukaguzi wa boila.

Kwa ukaguzi wa kila siku latosha daftari la kawaida lenye kamba, litundikwe karibu na mlango. Aandikwe tarehe, aliyekagua, geji ilionyesha nini asubuhi na wakati wa kupika, vali ilijaribiwa lini, na jambo lolote lisilo la kawaida, hata sauti. Msimamizi atie sahihi kila juma, na mpishi aliyeifunga sufuria kwa sababu ya shaka asikemewe kwa chakula kilichochelewa. Akikemewa mara moja tu, hataandika tena.

Mtu akiunguzwa na mvuke, aondolewe mahali hapo na sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, wala barafu isitumiwe. Pete, saa na viatu vivuliwe kabla ya kuvimba, lakini nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe. Asipakwe siagi, wala dawa ya meno, wala unga. Malengelenge yasitumbuliwe, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali, na wamwelezao daktari wamwambie kwamba ni mvuke, si maji.